Nilijifungia nje ya fayawoli yangu mwenyewe

Saa moja kasorobo asubuhi simu iliita. Alikuwa mkuu wa shule moja ya bweni nje kidogo ya Morogoro, ambako miezi minne nyuma nilikuwa nimeweka fayawoli ya pfSense, yaani kisanduku kinachochuja mawasiliano kati ya mtandao wa shule na intaneti. Mimi niko Dar, bado kitandani. Nikampa shikamoo, akaitikia haraka haraka, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau hadi leo: "Mwanangu, WiFi ipo, lakini haipo."

Mama wa watu alikuwa sahihi kabisa. Kompyuta zilikuwa zinapata anwani, alama ya WiFi imejaa, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliokuwa unafunguka. Na aliyesababisha ni mimi, saa tano usiku uliotangulia, nikidhani naimarisha ulinzi.

Nilichotaka kilikuwa chema. Ukurasa wa usimamizi wa fayawoli ulikuwa unafunguka kutoka kompyuta yoyote ya shule, zikiwemo za maabara ya wanafunzi. Nikasema hapana, ufunguke kwenye kompyuta ya mhasibu peke yake. Sasa pfSense ina sheria moja ya asili inayokaa juu kabisa upande wa LAN (mtandao wa ndani), kazi yake ni kuhakikisha hujifungii nje. Haifutiki kama sheria nyingine. Lazima uende kwenye mipangilio ya ndani uizime kwa makusudi. Nikaizima. Kisha nikaandika sheria mbili: ya kwanza inamzuia kila mtu kukifikia kisanduku chenyewe, ya pili inairuhusu kompyuta ya mhasibu.

Ukisoma tena mpangilio huo utaliona kosa. Sheria za kila upande husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana na paketi, kile kipande cha data kinachopita, ndiyo inayoamua. Zilizo chini yake hazisomwi tena. Ruhusa ya mhasibu ilikuwa inangoja chini ya katazo la watu wote, maana yake haikuwepo.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Kisanduku hicho hicho ndicho kilichokuwa kinajibu maswali ya DNS ya shule nzima, yaani kuitafutia kila tovuti anwani yake ya namba kutokana na jina. Nilipozuia "kila kitu kinachokwenda kwenye fayawoli", nilizuia na maswali hayo. Anwani za DHCP, zile ambazo kila kompyuta hupewa inapojiunga na mtandao, ziliendelea kutoka kwa sababu pfSense huzifungulia njia yenyewe kimyakimya, sheria ambayo huioni kwenye orodha. Ndiyo maana WiFi ilikuwepo na haikuwepo.

Utauliza, hukujaribu baada ya kuhifadhi? Nilijaribu. Nilikuwa nimeingia kwa mbali kupitia kompyuta ya mhasibu. Nikahifadhi, nikafungua ukurasa mwingine wa usimamizi, ukafunguka vizuri. Nikaridhika, nikalala.

Hapa ndipo mafundi wengi tunapoliwa. Fayawoli ya aina hii ina daftari la mazungumzo yaliyo wazi. Mazungumzo yakishaandikwa humo, paketi zake zinazofuata hupita bila kupelekwa tena kwenye sheria. Ukibadilisha sheria, daftari halifutwi. Kivinjari changu kilikuwa bado kinatumia muunganisho wa zamani, ulioruhusiwa kabla sijaharibu. Nilikuwa najaribu sheria za jana nikidhani ni za leo. Tangu siku hiyo, nikigusa sheria yoyote nafunga kivinjari, nangoja dakika mbili, halafu najaribu kutoka kifaa kingine ambacho hakijaongea na fayawoli kabisa. Kama ni sheria ya kumzuia mtu, naenda kwenye daftari hilo chini ya menyu ya Diagnostics na kufuta mazungumzo yake kwa mkono. Usipofanya hivyo utamzuia mwanafunzi kwenye karatasi, na video yake itaendelea kucheza mpaka imalizike.

Nilipanda basi. Fundi yeyote aliyewahi kusafiri kilomita karibu mia mbili kwenda kubadilisha mpangilio wa mistari miwili anaujua uchungu wake, sitaueleza.

Nilichobeba ni kompyuta mpakato na kebo ya konsoli, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye kisanduku. Kebo hii ndiyo mali ya fundi wa mitandao. Ukurasa wa kwenye kivinjari ni mlango wa mbele. Konsoli ni mlango wa jikoni, na hauulizi sheria zako za mtandao zinasemaje. Angalizo dogo kwa wanaoanza: kwa pfSense kasi ya konsoli ni 115200. Ukiiacha kwenye 9600, ambayo ndiyo ya vifaa vingi vya Cisco na FortiGate, utaona herufi zilizovurugika na utadhani kifaa kimekufa. Namfahamu fundi aliyekirudisha kifaa kizima dukani kwa sababu hiyo tu.

Ukishaunganishwa unakutana na menyu ya namba. Namba 15 hurejesha usanidi wa karibuni: inakuonyesha orodha ya mabadiliko yaliyopita, kila moja na tarehe yake, unachagua la kabla ya kosa lako. Nilichagua la saa nne usiku, nikakiwasha kisanduku upya, shule ikarudi mtandaoni. Kazi yote haikufika dakika kumi. Safari ilikula siku.

Kuna njia nyingine ambayo utaiona imependekezwa sana: namba 8 kuingia kwenye shelo, mahali pa kuandika amri, kisha amri `pfctl -d`, ambayo inazima uchujaji wote ili uingie kwenye ukurasa kwa kivinjari. Inafanya kazi, nami nimewahi kuitumia. Lakini jua unachofanya. Kwanza unazima na NAT, inayowawezesha wa ndani kutoka nje kwa anwani moja, kwa hiyo watu wa ndani wanakosa intaneti muda huo. Pili, kisanduku kinabaki uchi mbele ya dunia, hivyo chomoa waya wa WAN, ule unaokwenda kwenye intaneti, kabla hujaandika amri hiyo. Ukishaingia, ukarekebisha sheria na kuzihifadhi, uchujaji hujiwasha wenyewe. Namba 4 usiiguse kama huna nakala ya akiba, inarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani.

Na kwa kuwa menyu hiyo kwa kawaida haiulizi nenosiri, yeyote mwenye kebo ni msimamizi. Pale shuleni kisanduku kilikuwa juu ya kabati la vitabu vya ziada, karibu na birika la chai. Siku hiyo hiyo tulinunua kabati dogo lenye kufuli.

Sasa, ungeweza kuniambia kwamba fayawoli nyingine zingeniokoa, nami nakubali. MikroTik ina hali ya usalama: unabonyeza Ctrl na X kabla ya kuanza, na ukikatika ghafla inafuta yote uliyofanya tangu hapo. Kwenye Juniper unaandika `commit confirmed`, na usipothibitisha ndani ya dakika kumi inarudi ilipokuwa. Kwenye Cisco za zamani tulikuwa tunaandika `reload in 10` kabla ya kugusa kitu cha hatari. Ukijifungia nje, baada ya dakika kumi kifaa kinajizima na kuwaka na usanidi wa zamani, kwa sharti kwamba hukuwa umehifadhi ule mpya. Kwenye pfSense kuhifadhi ni kuhifadhi. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba kifaa kisichojirudi chenyewe hakiguswi kwa mbali usiku, labda kama kuna mtu pale anayeweza kuchomeka kebo na kusoma namba kwenye simu.

Tatizo jingine la shule ile lilinichukua muda zaidi kulielewa, na halikuwa la sheria kabisa.

Umeme ulikatika usiku kucha, UPS, ile betri ya akiba, ikaishiwa chaji. Asubuhi kisanduku kikawaka vizuri, taa zote kijani, na mambo yakawa yale yale: anwani zipo, kurasa hakuna. Safari hii sikugusa sheria hata moja. Nilimwomba mhasibu aandike `ping 8.8.8.8`, majibu yakarudi. Akajaribu kwa jina la tovuti, hakuna. Basi njia ni nzima, majina ndiyo mabovu. Majaribio hayo mawili huchukua nusu dakika na hukuepusha na nusu siku ya kuhangaika na sheria zisizo na kosa.

Kwenye logi, yaani kumbukumbu za kisanduku, karibu kila mstari ulilalamika kuhusu uhakiki wa DNSSEC, sahihi zinazothibitisha kwamba majibu ya DNS hayajaghushiwa. Nilitazama hilo kwa muda mrefu kabla macho hayajaangukia tarehe iliyo pembeni. Kisanduku kilikuwa kinaishi miaka kadhaa nyuma. Betri yake ndogo ya CR2032 ilikuwa imekufa, kwa hiyo saa ilipotea umeme ulipokatika. Sahihi za DNSSEC zina tarehe ya kuanza na ya kuisha; kwa saa ile, kila sahihi ilionekana ni ya wakati ambao haujafika. Kwa nini basi hakikurekebisha saa kutoka intaneti? Kwa sababu seva ya muda nayo inatafutwa kwa jina, na mimi nilikuwa nimekiambia kisanduku kiulize majina kwake chenyewe tu, kisimwulize mwingine. Ili kipate saa kilihitaji majina, na ili kipate majina kilihitaji saa.

Tiba: shelo, amri ya `date` ikifuatiwa na mwaka, mwezi, siku, saa na dakika bila nafasi, kuwasha upya huduma ya DNS. Kisha nikaongeza seva moja ya muda kwa anwani ya IP badala ya jina, na betri mpya. Betri yenyewe ni ile ile ya rimoti nyingi za gari, inapatikana kwenye duka la saa lolote. Na ukiona VPN (njia ya siri ya kuunganisha mitandao kupitia intaneti) imekataa ghafla, au vyeti vya usalama vya tovuti zote vinaitwa batili kwa pamoja, tazama saa kwanza.

Lipo na jambo la kamera za ulinzi. Karibu kila mteja anataka kuziona akiwa nyumbani, na karibu kila fundi anakesha akifungua poti, yaani milango ya kuingilia toka intaneti, ambazo hazifunguki. Kabla hujaandika sheria yoyote, tazama anwani ya WAN. Ikiwa inaanza na 10, au ipo kati ya 100.64 na 100.127, hiyo si anwani ya hadharani. Mtoa huduma amekuweka nyuma ya NAT yake pamoja na wateja wengine. Hakuna sheria utakayoandika kwenye kisanduku chako itakayosaidia. Ama uombe anwani ya hadharani, ama utumie VPN inayoanzia ndani kwenda nje. Nisingefungulia kamera poti hata kama ningeweza, programu zake mara nyingi hazisasishwi tangu zitoke kwenye boksi.

Ukurasa wa usimamizi ndio kabisa. Usiufungue upande wa intaneti, hata kwa poti ya ajabu ajabu, hata kwa nenosiri la herufi thelathini. Oktoba 2022 Fortinet, watengenezaji wa FortiGate, walitangaza tundu la usalama lenye namba CVE-2022-40684, lililomwezesha mtu wa nje kufanya mambo ya msimamizi kupitia ukurasa huo bila kuulizwa nenosiri lolote. Waliokuwa wameuficha nyuma ya VPN walikuwa na nafasi ya kusasisha bila kukimbizana na mtu.

Nakala ya akiba ya pfSense ni faili moja tu, `config.xml`, na ndani yake mna sheria, watumiaji na funguo za VPN. Weka tiki kwenye chaguo la kuifunga kwa nenosiri unapoipakua. Fundi aliyenitangulia mahali fulani aliituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi "ili isipotee". Kweli haikupotea.

Siku hizi ndani ya kila kabati ninaloacha kuna kebo ya konsoli iliyofungwa kwa rababendi, na karatasi iliyobandikwa mlangoni: kasi ya konsoli, namba 15 inafanya nini, na tarehe betri ilipowekwa. Ile ya Morogoro, mkuu wa shule ameongeza kwa kalamu yake mwenyewe, kwa herufi kubwa: FUNDI ASIGUSE BAADA YA SAA KUMI JIONI.