Sampuli kumi tyubu moja? Nashauri tano, na si kwa kila mgonjwa

SWALI: Niko maabara ya hospitali hapa Mombasa. Tunapima korona na homa ya mafua kwa mashine ya PCR, ile inayotafuta vinasaba vya virusi. Sampuli nyingine zinatoka wodini, nyingine ni za wafanyakazi wa upande wa bandarini ambao hawana dalili yoyote, waajiri wao tu ndio wanataka wapimwe. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vinachelewa kufika, na sasa mkuu wetu anataka tuchanganye sampuli kumi kumi, tuzipime kwa mkupuo mmoja. Mimi nachelea mgonjwa atatupotea humo ndani. Nachelea bure? – Mtaalamu wa maabara, Changamwe

JIBU: Hucheleei bure, ndugu yangu, ila mkuu wako naye ana hoja. Njia anayoitaka ni ya zamani na ni ya halali. Mchumi Robert Dorfman aliiandika mwaka 1943, wakati Marekani ikitafuta kaswende katika damu ya vijana waliokuwa wakiingizwa jeshini. Changanya damu ya watu kadhaa. Ikitoka hasi, wote wamevuka kwa kipimo kimoja. Ikitoka chanya, pima mmoja mmoja. Na hapa kwetu pwani, mwaka 2020, maabara ya utafiti wa tiba ya KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi iliunganisha sampuli za korona kwa sababu hiyo hiyo inayowabana ninyi leo. Kwa hiyo kuchanganya si tatizo. Tatizo langu ni hiyo kumi.

Tupige hesabu. Chukua wafanyakazi 100, na tuseme wawili kati yao wana virusi. Ukiwapanga watano watano unapata tyubu 20. Kwa wastani tyubu mbili hivi zitatoka chanya, unarudia watu kumi, jumla vipimo 30. Ukiwapanga kumi kumi, unaanza na tyubu kumi, unarudia watu 18 kwa wastani, jumla 28. Yaani kutoka tano kwenda kumi mmeokoa vipimo viwili katika kila watu 100. Mwoneshe mkuu wako hesabu hiyo kabla hamjabishana juu ya jambo jingine lolote.

Sasa tazama mnacholipia vipimo hivyo viwili. Katika PCR kila mzunguko unazidisha vinasaba mara mbili. Sampuli ikichanganywa na nyingine nne imepungua nguvu mara tano, na mashine itachelewa kuiona kwa mizunguko 2.3 hivi. Ikichanganywa na tisa, itachelewa kwa mizunguko 3.3. Mtu mwenye virusi vingi hatajali. Akionekana kwenye mzunguko wa 22 akipimwa peke yake, kwenye kundi la kumi ataonekana kwenye wa 25. Lakini yule anayeonekana kwenye 36 akiwa peke yake, kwenye tano atasogea hadi 38 na zaidi, na kwenye kumi hadi 39 na ushei. Kama mashine yenu inakoma kwenye 40, huyo wa pili mmemweka ukingoni kabisa. Ndiye mgonjwa unayemwogopea, na uko sawa kumwogopea.

Zile hesabu za vipimo 30 na 28 ni za pale wenye virusi wanapokuwa wachache. Wakifika kumi katika mia, makundi ya watano yanakula vipimo 61 na ya kumi 75. Wakifika 30 katika mia, makundi ya watano yanakula 103, na hapo mnatumia vitendanishi vingi kuliko mngepima mmoja mmoja, tena majibu yanachelewa. Ndiyo maana sampuli za wodini zisiguswe na mpango huu. Mtu aliyelazwa kwa kikohozi na homa ana uwezekano mkubwa wa kuwa chanya, na daktari wake anasubiri jibu leo, si kesho baada ya kundi kuvunjwa. Za wafanyakazi wasio na dalili, endeleeni, lakini kila Jumatatu angalieni majibu ya wiki iliyopita. Yakipanda kupita kumi katika mia, shukeni hadi nne au tatu. Yakizidi kupanda, acheni. Ukubwa wa kundi haupangwi mara moja ukabandikwa ukutani.

Kuna jambo moja ambalo maabara nyingi hulifanya kinyume. Watu hudhani ni salama kuwatawanya wanaotoka sehemu moja. La, waunganisheni. Makuli wa genge moja, walinzi wa zamu moja, ndugu wanaolala nyumba moja kule Kisauni: wote tyubu moja. Walio pamoja huambukizana virusi, kwa hiyo wenye navyo watajikusanya kwenye tyubu chache na nyingine nyingi zitatoka safi. Tena kuna faida ya pili ambayo mimi naithamini kuliko ya kwanza: mwenye virusi vichache akiwa tyubu moja na mwenzake mwenye vingi, kundi linatoka chanya, linavunjwa, naye anapimwa peke yake. Peke yake katika tyubu ya wageni angeweza kupita bila kuonekana. Mwombeni anayepokea sampuli aandike zamu na genge, si jina na saa tu.

Nikupe na onyo ambalo mkuu wako huenda hajalifikiria. Kipimo chenu bila shaka kina kile kidhibiti kinachotafuta kinasaba cha binadamu, kuthibitisha kwamba swabu ilifika mahali pake. Kwa sampuli moja kidhibiti hicho ni mlinzi mzuri. Kwenye kundi hakikulindi, kwa sababu swabu nne nzuri zitakifanya kisome vizuri hata kama ya tano ilipita puani juu juu tu. Huyo wa tano ataandikiwa hasi na hakuna atakayejua. Dawa yake haiko maabara, iko kwa anayechukua sampuli. Kama huwaamini wachukuaji wa kampuni fulani, sampuli zao zipimeni moja moja.

Mezani, changanyeni kabla ya hatua ya kutoa vinasaba kwenye sampuli. Mkichanganya baadaye mmeokoa vitendanishi vya PCR peke yake. Kama kwenye hatua hiyo mnaingiza mikrolita 200, wekeni 40 za kila mtu, na kilichobaki kikae kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, kisizidi saa 72.

Siku moja kundi litatoka chanya, na wote watano watoke hasi. Msiandike hasi siku hiyo. Rudini kwenye sampuli za awali, toeni vinasaba upya kwa kila mmoja. Zikiwa hasi tena, tengenezeni kundi upya kutoka sampuli zile zile. Likitoka hasi, huenda mara ya kwanza mlichafua tyubu kwa pipeti, au virusi vilikuwa vichache mno. Likitoka chanya, mmoja wao anavyo. Kwa vyovyote waiteni wote watano wachukuliwe swabu mpya. Na jibu la kundi lisitoke nje ya maabara kamwe. Mwajiri akisikia “tyubu yao ilikuwa chanya” atawasimamisha watu watano, na kibarua aliyekosa siku yake ya kazi hana wa kumlipa.

Kabla hamjaanza, toeni kwenye friza sampuli chanya zenu zilizo hafifu, zile za mzunguko wa 33 kwenda juu. Kila moja ichanganyeni na hasi nne, halafu na hasi tisa, mpime zote kwa mashine yenu na vitendanishi vyenu. Hesabuni zilizopotea kila upande, na karatasi hiyo ndiyo umpelekee mkuu wako.