Ahadi ya laki tano niliyoitoa nikiwa na elfu kumi na mbili mfukoni

Mleta uzi, umeuliza ufanye nini, maana ukiwa kanisani unawaza watu wanakuonaje kuliko unavyowaza ibada. Nikupe yaliyonikuta mimi, fundi baiskeli wa hapa Ngamiani, Tanga.

Usharika wetu ulikuwa na harambee ya kuezeka. Ahadi zinatajwa kwenye kipaza sauti, jina na kiasi. Jamaa mmoja wa mbele akasema laki tatu, makofi. Nikasikia mdomo wangu unasema laki tano. Mfukoni nilikuwa na elfu kumi na mbili, na nilikuwa nimekuja kwa bodaboda kwa sababu niliona aibu kushuka kwenye baiskeli mlangoni mwa kanisa. Fundi baiskeli! Tena Tanga, ambako wazee wenye heshima zao wanapiga pedeli.

Pesa nikakopa kikoba. Miezi minane ya marejesho, mke wangu anaongeza vitumbua kuziba pengo, mimi Jumapili napokea "ubarikiwe mtumishi" huku natabasamu.

Aliyenishtua si mchungaji. Ni mzee wa Kiislamu mwenye duka jirani na banda langu. Nilimsimulia, akaendelea kupima sukari yake, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo kwetu ni riya, kutenda jema ili watu wakuone. Umeshalipwa, hudai kitu." Usiku nikafungua Mathayo 6, nikakuta Yesu anasema hivyohivyo: watoao ili waonekane wamekwisha kupata thawabu yao. Kumbe yale makofi ndiyo ilikuwa risiti yangu.

Usidhani nilipona siku hiyo. Watu watakurushia Wagalatia 1:10, kwamba ukiwapendeza wanadamu si mtumwa wa Kristo, utoke hapo umejiona mnafiki tu. Endelea sura ya 2. Petro, aliyetembea na Bwana, kule Antiokia anaacha kula na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kwa kuwaogopa Wayahudi waliotoka kwa Yakobo. Paulo anamkemea mbele ya wote, na hoja yake inafika kwenye mstari wa 16: mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, ila kwa imani ya Kristo. Sisi Walutheri tunafundishwa hilo tangu kipaimara. Mimi nilikariri mpaka cheti nikapewa, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kama Mungu amekwisha kunikubali, zile laki tano nilikuwa namnunulia nani.

Harambee iliyofuata nikaweka elfu ishirini kwenye bahasha, bila jina wala namba. Tulipotoka, mzee mmoja wa kanisa akanivuta pembeni: "Vipi ndugu, biashara imeyumba? Leo hatukukusikia." Ulimi uliniwasha, nakwambia. Nikamjibu namshukuru Mungu, nikapanda baiskeli yangu. Mpaka navuka reli bado nilikuwa natunga jibu ambalo ningempa.