Mhudumu wa afya wa mtaani na kipindupindu

Umeuliza kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumtundikia dripu au kumchoma sindano mgonjwa wa kipindupindu. Hapana ndugu, hatundiki dripu wala hachomi sindano, hata kipindupindu kikiwa kimewaka. Anapita nyumba kwa nyumba, akimkuta anayeharisha majimaji kama ya kuoshea mchele anamuanzishia ORS (ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa) hapohapo na kumkimbiza kituoni, alafu anatoa taarifa zahanati ili waliokaa nae wafuatiliwe na maji ya kunywa yatibiwe. Nimejitolea huku mwaloni Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na hiyo ORS ndo inaokoa watu kabisa, maana kipindupindu kinaua ndani ya masaa, sasa mtu yuko kisiwani usiku anasubiri boti ya asubuhi bila kunywa chochote si tunampoteza. Pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi, sio kikombe, hapo watu wanakosea sana! Ila mgonjwa akilegea, macho yakaingia ndani au akashindwa kunywa, usikae nae nyumbani na ORS, huyo anahitaji dripu sasa hivi.