Sabuni ya nazi kwa wenye visima vya maji ya chumvi

Kisima chetu hapa Pangani kina maji ya chumvi. Sabuni nyingi za dukani ukisugulia nguo kwa maji hayo huishia kuwa utando mweupe, povu hulioni. Sabuni ya mafuta ya nazi matupu hutoa povu hata kwa maji ya bahari, na zamani mabaharia waliipenda kwa sababu hiyo. Naitengeneza nyumbani mwaka wa saba sasa.

Mwanzoni nilipima kostiki, yaani kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwa kikombe. Miche ilitoka mizuri, migumu, inang'aa. Mwanangu akaiogea siku mbili tu, ngozi ya mikono ikamkauka mpaka ikapasuka. Iliniuma sana. Kwa hiyo mwenzangu, kabla hujanunua chochote, nunua mzani wa gramu.

Kilo moja ya mafuta ya nazi hula gramu 183 za kostiki. Sabuni ya kufulia mimi naiwekea 180, ikwangue uchafu vizuri. Ya kuogea naiwekea 146 tu: sehemu moja kati ya tano ya mafuta inabaki kuwa mafuta, na hayo ndiyo yanayoinusuru ngozi, maana nazi ikigeuka sabuni yote hukausha mno. Hiyo ya kuogea naitia na kijiko cha mwani uliosagwa.

Maji yawe ya mvua, mililita 360 kwa ya kufulia, 300 kwa ya kuogea. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki itachemka ghafla na kukurukia usoni. Fanyia nje, vaa miwani na glavu, watoto wawe mbali. Sufuria ya alumini usiiguse kabisa, kostiki huila. Tumia ndoo ngumu ya plastiki. Ikikurukia, osha kwa maji mengi, kwa muda mrefu.

Acha ipoe hadi iwe vuguvugu, mimina kwenye mafuta, koroga mpaka mwiko ukiuinua, tone linaloanguka liache alama juu kabla ya kuzama. Hapo mimina kwenye kisanduku ulichotandika nailoni.

Usiiache ilale humo. Sabuni ya nazi huganda upesi, na ukiikata kesho itavunjika vipande vipande kama jibini kavu. Mimi huibonyeza kwa kidole kila baada ya saa moja. Kidole kikiacha alama ndogo bila kunata, nachukua kisu. Kisha miche inakaa kwenye chanja, kivulini, wiki nne.