Re: Mwanangu wa miaka 9 magoti yanagongana, lazima akatwe mfupa?

Sio lazima dada, wa miaka 9 bado anakua, wanaweza kumwekea kibati kidogo na skrubu 2 upande wa ndani wa goti pale mfupa unaporefukia, upande huo unabanwa wa nje unaendelea kukua, mguu unanyooka wenyewe taratibu, mara nyingi kama mwaka hivi, kisha kinatolewa. Wangu kovu lake halifiki hata urefu wa kidole gumba.

Ila usiruke kliniki, kikisahaulika mguu unapinda upande wa pili! Kukata mfupa ni zaidi kwa walioacha kurefuka. Kwanza apigwe eksirei ya miguu mizima akiwa amesimama, apimwe na vitamini D. Nenda MOI, ile taasisi ya mifupa pale hospitali ya Muhimbili, Dar, ulizia daktari wa mifupa ya watoto.