Usitoe kava la grinda ili uweke jiwe kubwa

Simama hapo hapo, ndugu yangu. Hiyo grinda usiiwashe.

Umeuliza vifaa vya kuanzia kwa kazi za gari na za nyumbani: seti ya spana, drili ya betri au ya waya, jeki, na kadhalika. Sawa. Lakini katikati umechomekea kwamba grinda ndogo unayo tayari, na umepata mawe ya kukatia, vile visahani vinavyozunguka, ya grinda kubwa, yaliyolika nusu, kwa hiyo utatoa kava, ile kinga ya chuma inayofunika jiwe, ili yaenee, ukate nati za ekzosi zilizoshika kutu. Wenzangu wamekujibu habari za spana, sentensi hiyo wakaipita kama hawakuiona. Mimi siwezi kuipita. Ndiyo iliyonipeleka chumba cha upasuaji.

Nilifanya vivyo hivyo. Jiwe la kipenyo cha milimita 230 lililolika likabaki kama 150, grinda ya milimita 115, kava nimelitupa kwenye boksi. Liliingia bila shida, kwa sababu tundu la katikati ni lile lile kwa jiwe dogo na kubwa, milimita 22.23. Mtego uko hapo: likiingia, unadhani ndipo mahali pake. Mshikio wa pembeni nao niliufungua maana ulikuwa unagonga chesisi. Mkono wa kulia ukashika grinda, wa kushoto ukashika bomba la ekzosi lisitikisike.

Nati ya kwanza ilikatika vizuri. Kwenye ya pili bomba likashuka kidogo, mkato ukajifunga, jiwe likabanwa. Sikuona kitu. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama kokoto imetupwa juu ya bati, na grinda ikaniruka mkononi. Nikatazama mkono wa kushoto: glavu imechanika chini ya kidole gumba, na ndani ya nyama kuna kitu cheupe kama ncha ya kamba iliyokatwa. Damu ilichelewa sekunde kadhaa, kisha ikaja yote. Ile nyeupe ilikuwa kano ya kidole. Waliishona, nikafungwa banzi wiki 6, na mpaka leo gumba halikunji hadi mwisho. Nati ndogo naipeleka kwenye bolti, inaniponyoka. Kipande kingine cha jiwe alikikuta kaka yangu kesho yake, kimezama kwenye ubao wa mlango, usawa wa shingo yangu.

Aliyenifundisha ujinga huo ni fundi niliyemheshimu sana. Aliniambia kava ni la wanaojifunza, na kwamba jiwe likishalika linakuwa dogo, halina madhara. Uongo! Soma maandishi kwenye jiwe lenyewe. La 230 limeandikwa mizunguko 6,600 kwa dakika, la 115 limeandikwa 13,300. Grinda ndogo huzunguka kama mara 11,000. Jiwe la 150 kwa mzunguko huo, ukingo wake unakimbia mita 86 kwa sekunde, na limetengenezwa lisizidi mita 80, yaani kilomita 288 kwa saa. Halafu bila kava hakuna kitu kati ya hiyo spidi na uso wako. Yule fundi alikuja kunipa pole, akasema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya, zile namba zilikuwa zimeandikwa pale pale, na yeye alizijua kwa miaka mingi kuliko mimi.

Na asije mtu hapa akaniambia ametoa kava miaka 20 na hajaumia. Anayevuka barabara amefumba macho naye huvuka mara nyingi tu.

Kwa hiyo: kava libaki, na namba ya mizunguko kwa dakika ya jiwe iwe sawa au kubwa kuliko ile ya grinda. Ukilikuta kava linakuzuia, badilisha jiwe au badilisha njia. Kava lenyewe lizungushe likae kati yako na jiwe, shika kwa mikono miwili, kitu unachokata kifungwe kwenye vaisi au kiegemezwe ili mkato ufunguke, usijifunge. Jiwe jipya liache lizunguke bure nusu dakika hivi, wewe ukiwa pembeni. Tazama pia ile pete ya chuma katikati, ina tarehe ya mwisho. Lililopita tarehe au lililolowa maji, vunja utupe, asije mwingine akaliokota.

Hizo nati zako wala huenda zisihitaji grinda. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu leo jioni, rudia asubuhi, kisha tumia soketi ya pembe 6, si ya pembe 12, maana ya 12 inakula kona za nati iliyoliwa na kutu. Zikigoma, tumia msumeno wa chuma wa mkono, baya lake ni kukuchosha bega tu.

Jeki nunua pamoja na stendi zake, usiingie chini ya gari kwa jeki peke yake. Drili wameshakueleza wengine.

Sasa nenda kalichukue jiwe moja, lifute vumbi, uniandikie hapa namba ya mizunguko iliyoandikwa juu yake na ile iliyo kwenye kibandiko cha grinda yako. Nasubiri.