Chokoleti nyeusi na moyo

Je, kula vipande viwili vya chokoleti nyeusi kila siku huzuia mshtuko wa moyo? Hapana, hilo halijathibitishwa. Kinachosaidia ni flavanoli, kemikali za asili zilizomo kwenye kakao: hulegeza mishipa ya damu na kushusha presha kidogo. Shida ni kwamba nyingi hupotea kakao inapokaangwa, na hasa inapotiwa alikali ili kupunguza uchungu, kwa hiyo weusi wa chokoleti haukuambii zimebaki kiasi gani.

Utafiti wa kuutazama ni COSMOS wa Marekani, uliohusisha wazee zaidi ya 21,000, matokeo yake yakatoka 2022. Watu huutaja sana bila kusema kwamba washiriki walimeza vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli kwa siku, hawakula chokoleti. Hata hivyo, jumla ya matatizo ya moyo na kiharusi haikupungua kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu. Vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 27, ila hilo halikuwa swali kuu la utafiti, hivyo bado linahitaji kuthibitishwa. Kampuni ya Mars, inayotengeneza chokoleti, ilichangia gharama, nalo ni la kuzingatia.

Gramu 100 za chokoleti nyeusi zina karibu kalori 600. Ukitaka kakao yenyewe, tafuta unga usio na sukari wala alikali. Na kama unatumia dawa za presha, tafadhali usizipunguze kwa sababu ya chokoleti.